Sentineli wa Mbao na Watu Wasiokosaka

Sijui jina lake. Miaka mitatu nilikaa karibu naye karibu kila siku nikitoka masomo, na sikumuuliza hata mara moja, juu mutoto haulizake muzee jina, na miye, kusema kweli, siulizake mutu kitu. Watu wote walimuita Sentineli. Alilinda depo ya mbao iliyo nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Bunia, na alikuwa na upinde na mishale sita.

Alizaliwa wapi, wazazi wake nani, siyajui. Ukimuuliza alitokea wapi, alinyoosha kidole upande wa Mambasa na kusema "kule", kisha kidole kilibaki juu muda murefu kuliko neno lenyewe. Mbao nazo zilitoka kule. Lori ikifika, alikuwa wa kwanza kuikaribia. Hakwenda kushusha. Alikwenda kunusa. Aliweka pua juu ya ubao, akafunga macho, akasema, "Hii ni libuyu. Hii waliikata karibu na maji."

Washushaji walimuchokoza: "Sentineli, inakupa salamu ya nyumbani?"

"Inaniambia weye hukuoga."

Tulijuana juu ya mashini. Kaka yangu alipokwenda Kisangani kusoma, aliniachia ordinateri yake ya zamani, kompyuta yenye kioo kilichopasuka kona moja, na ndani muchezo mumoja tu. Kwetu kuran, umeme, ilikuwa ya bahati. Depo ilikuwa na plaki za jua, na patron wa depo, ambaye pia ni mwenye nyumba yetu, alimukubalia mama nikuje kushajia pale. Basi nilikaa juu ya mbao, waya mukononi, nikacheza mpaka mama aniite kwenda kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Muchezo ni huu: kuna kijiji kidogo cha watu wa zamani. Unamupa huyu shamba, yule unamutuma kuni, mwingine unamupa upinde aende kuwinda, na usipopanga vizuri, wanakufa njaa wakati wa baridi. Niliupenda juu hakuna mutu ndani yake anayeniuliza, "Mbona husemake?" Kwenye klasi waliniuliza hivyo tangu mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu waliacha kuuliza, na hiyo ilikuwa mubaya zaidi.

Siku moja kivuli kiliangukia kioo. Sentineli alisimama nyuma yangu.

"Mama, hawa watu banafanya nini?"

Aliniita Mama, vile wazee wanaita wasichana wadogo.

"Banatafuta chakula, Muzee."

Palepale muwindaji wangu alitoka mulangoni, akasimama, akapiga. Mushale uliruka muto, ukapita katikati ya miti, ukamupata swala aliyekuwa anakimbia kule kwenye kona iliyopasuka. Swala akaanguka.

Sentineli aliinama karibu na kioo.

"Amepiga kutoka wapi?"

"Hapa. Mulangoni."

"Na munyama alikuwa wapi?"

Nilimuonyesha. Alipima kwa kidole, nyumba moja, nyumba mbili, akihesabu kwa midomo. Kisha akageuka na kuwaita washushaji kwa sauti: "Kuyeni! Kuyeni muone mutu anawinda bila kutoka kwake! Hatua mia tatu, miti mbele, munyama anakimbia! Bibi yake hajamaliza kupuliza moto, nyama iko chini!"

Walicheka wote. Na miye nilicheka, na niliona haya, na siku iliyofuata nilirudi mapema.

Ni yeye alinifundisha kwamba upinde ni kitu cha hatua kumi. Kumi na tano kama Mungu yuko na furaha. "Pori haikuachie kuona mbali," alisema. "Na hata ukiona, mushale iko na mambo yake. Jani inaigusa, inakwenda kulala kwingine. Mboloko anasikia kamba inalia, anaruka mbele mushale haijafika." Mboloko ni yule swala mudogo wa pori, mukubwa kuliko sungura kidogo tu. Siku nzuri, alisema, mishale kumi inaleta nyama moja. Na hiyo ni siku ambayo mbwa wako ana akili.

Alikaa hivi kila siku: mugongo kwenye mbao, miguu imekunjwa, upinde kando, kisu kidogo mukononi anakwangua mushale ambao ulikuwa umenyooka tangu zamani. Hakupenda kiti. Patron alimununulia kiti cha plastiki, akakitumia kuanikia shati. Aliogopa mbwa wa muji, yeye ambaye mbwa wake wa kule alivaa kengele ya muti shingoni na aliitwa kwa jina. "Mbwa wa hapa hawana kazi," alisema. "Mutu ao mbwa asiye na kazi, usimupe mugongo." Na nyama hakula. Mama alimupelekea siku ya sikukuu bakuli la mbuzi, alishukuru kwa mikono miwili, kisha nikamuona anampa mushushaji mumoja na yeye anakula bugali na sombe. Nilimuuliza kwa nini. Alisema nyama ambayo hukuifuata haina utamu. Siku nyingine nikamuona anakula brosheti mbili za mbuzi pembeni ya barabara, amegeukia ukuta.

Jicho lake la kuume lilikuwa na wingu. Alitambua watu kwa mwendo. Mama yangu, alisema, anatembea kama mutu aliyeacha nyungu motoni. Patron anatembea kama mutu anayetazamwa.

"Na miye, Muzee?"

"Weye? Unatembea kama mutu anaomba ruhusa."

Muchezo wangu ulimukasirisha kwa kweli, vile watu wanakasirikia habari za redio. Muwindaji wangu alimujeruhi nyati, akamufuata siku tatu mpaka mwisho wa karta, ramani ya muchezo, na watoto wake nyumbani wanalia njaa, na sungura wanne wanakula majani mulangoni kwake. Sentineli alipiga mapaja. "Mwambie arudi! Mama, mwambie!" Siwezi, nilimuambia, akishaanza hasikii. Mwingine aliua swala, akaacha nyama palepale mpaka ikaoza, juu hakuna mutu niliyemupa kazi ya kubeba.

"Na mafungu?" akauliza. "Nani anapata nini?"

"Inaenda ghalani, Muzee. Kila mutu anachukua."

Hapo alinieleza vile kwao waligawa. Mwenye mushale wa kwanza ana fungu lake. Mwenye mushale wa pili, lake. Na mwenye mbwa, lake.

"Na kama mwenye mbwa alilala nyumbani?"

"Alilala. Mbwa hakulala."

Kisha aliangalia kioo muda murefu. "Hawa watu hawakosake mushale," alisema. "Basi banakosa nini?"

Nilifikiri. Walikuwa na ghala limejaa. "Hakuna kitu banakosa, Muzee."

"Njo maana hawaongeaki. Mutu akipata, anarudi na nyama. Akikosa, anarudi na hadisi. Siye kule tulikuwa na hadisi mingi sana."

Maneno yale yalinikaa. Nilimuandikia kaka Kisangani, akanijibu kwamba ndani ya mashini kuna fishie, faili ya maandishi yenye namba ya ulengaji, na mutu anaweza kuibadilisha. Wawindaji wangu walikuwa na namba ya juu karibu na mwisho kabisa. Niliweka moja kwa kila kumi, namba ya Sentineli. Nilifurahi kama mutu aliyemupikia mugeni.

Nikamuita aone. Muwindaji alitoka, akapiga, akakosa. Sentineli alisema, "Aa, sasa!" Akapiga tena, akakosa. Swala alisimama hatua tano mbele yake, anakula majani. Mishale ilimupita kichwani, miguuni, na yeye anatafuna. Ya kumi na mbili ilimupata. Sentineli alicheka mpaka kofia ikaanguka nyuma ya mbao.

"Hata munyama ni muongo! Hana masikio?"

Mbele ya baridi kuisha, kijiji changu kilikufa chote. Mutoto wa mwisho alikufa mbele ya mulango. Nilitaka kulia na nikaona ni upumbavu. Sentineli hakucheka hapo. Alisema, polepole: "Umetia mushale wa kweli mukononi mwa mutu wa uongo. Hajui kungoja. Hajui kufuata nyayo. Hana ndugu wa kumufukuzia nyama. Mutu wa namna hiyo, ukimunyang'anya uongo wake, anakufa."

Niliandika maneno haya kwenye kaye yangu, daftari la masomo, jioni ile, neno kwa neno. Sikuelewa kwamba alikuwa anaongea juu yake mwenyewe.

Maana kwa watu wengine hakusema hivyo. Kartie yote, mutaa wetu, ilijua kwamba Sentineli wa mbao hakosake. Walisema anaweza kumupiga mwizi sikio asimuue. Walisema mishale yake iko na sumu. Wamama walipita na watoto wao na kuwaonyesha, "Ona yule, ukiiba mbao atakutoboa." Na yeye aliwaachia. Tena aliongeza. Nilimusikia kwa masikio yangu anamuambia fundi mumoja kwamba aliwahi kumupiga popo akiruka. Fundi alipokwenda nilimuangalia tu, na yeye akaelewa bila miye kuuliza.

"Mwizi si mboloko, Mama. Mboloko unamungoja. Mwizi unamupa hadisi mbele hajakuya."

Aliniambia yote siku ile. Tangu alipofika Bunia hajapiga hata mushale mumoja. Bega lilikufa, jicho lilikufa. Patron alimuajiri juu ya ule upinde, na akijua, atamufukuza, na yeye analala mulemule ndani ya depo, hana chumba kingine, hana mutu. "Hii neno ni yako na yangu," alisema. Nilijibu ndiyo. Miye ambaye sina mutu wa kuambia, ilikuwa rahisi kuahidi.

Sasa ninafika pale nisipopenda.

Madame anayetufundisha Fransé alitupa ekspoze. Kila mutu asimame mbele ya klasi dakika kumi, aeleze kazi ya mutu anayemujua. Nilimuomba mama aniandikie barua ya ugonjwa, akakataa. Nilisimama, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine kichwani, nilianza kueleza muchezo. Mushale wa hatua mia tatu. Bibi anayepuliza moto. Mutu wa nyuma akacheka. Nikaendelea. Nikaeleza swala anayekula majani katikati ya mishale, na klasi nzima ikacheka, hata Madame, na ilikuwa si kunicheka, ilikuwa kucheka pamoja nami. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Waliniangalia kama mutu. Wakauliza maswali. Mumoja akauliza: "Lakini weye umejua namna gani kwamba kwa kweli mushale unakosa?"

Nikasema: "Sentineli wa mbao aliniambia. Yeye mwenyewe anakosa tisa juu ya kumi. Na hapa Bunia hajapiga hata mumoja."

Walipiga mikono. Nilirudi na furaha kwenye banki, benchi letu, nikakaa karibu na binti wa patron, aliyekuwa anacheka mpaka machozi. Hakuwa mutu mubaya. Hata sasa sisemi ni mubaya. Alirudi kwao na kuwachekesha wazazi mezani, basi.

Siku ya posho, Jumamosi, patron alikuja depo na wateja wawili. Alikuwa anatabasamu. Aliweka papai juu ya mbao, kule mwisho wa lupango, uwanja wa depo, akarudi kwenye porte, mulango wa kuingilia.

"Muzee, leo tuonyeshe. Watu hawa banasikia tu hadisi yako."

Sentineli aliangalia papai, ao aliangalia pale alipoambiwa papai iko. Alichukua upinde. Akaanza kutembea.

"Unaenda wapi?" patron akasema.

"Pale munyama iko."

Wateja walicheka. Yeye aliendelea kutembea, mwendo ambao sikuwahi kuuona kwake, magoti yamekunjika, mabega chini, mguu unashuka kwanza kwa upande. Takataka za mbao hazikulia chini yake. Kwa muda kidogo niliona pori. Alifika hatua kumi, akasimama.

"Hapana, hapana!" patron akaita. "Rudi hapa kwangu. Mwizi hatakungoja hatua kumi. Metre sankante, makumi tano, piga kutoka hapa."

Alirudi. Polepole, kama muzee sasa. Alijua, na miye nilijua, na nafikiri patron naye alijua. Alivuta mpaka bega likakataa, akaachia, mushale ukapita juu ya papai, juu ya ukuta, ukapotea kwa jirani. Kulisikika mbuzi analia kwa hofu, kisha mama jirani akatukana. Wateja walishikana mabega kwa kicheko. Sentineli hakuwaangalia. Aliweka upinde chini na kwenda kuutafuta mushale wake, juu mushale hauachwi chini, mutoto anaweza kuukanyaga. Tulimusikia kule ng'ambo anaomba radhi kwa yule mama, mara tatu.

Patron hakumukaripia. Alimuambia tu kwamba kuanzia siku ya kwanza, Jumatatu, kutakuja mwanaume mwenye iniforme na filimbi.

Nilikuja kesho yake kisha kanisa. Alikuwa amefunga vitu vyake ndani ya gunia, havikulijaza nusu. Nilisimama. Nilikuwa nimejizoeza kusema "Muzee, unisamehe, ni miye," tangu asubuhi, kwenye misa nzima. Nikaishia kukaza kamba ya gunia lake.

Ni yeye aliyesema. "Mama, banasema ulisimama mbele ya watu."

Niliitika kwa kichwa.

"Banasema walicheka wote."

"Ndiyo, Muzee."

"Ulisema kwa nguvu? Hata wale wa nyuma walisikia?"

"Walisikia."

"Aya," alisema. "Aya. Ni vizuri." Akanyanyua gunia, akaenda. Afadhali angenitukana.

Kisha hapo niliacha ule muchezo. Niliurudishia namba yake ya zamani kwanza, wawindaji wakaanza tena kuua kila kitu kutoka mulangoni, ghala likajaa, hakuna aliyeongea, na nikafunga mashini. Kwenye klasi waliniomba nieleze tena, "Tuambie ya Sentineli!", wakaona sisemi, wakarudi kwenye mambo yao. Yule wa iniforme alikuwa mutu wa adabu. Alisikiliza redio kwa simu na hakuuliza ninakuja kufanya nini pale.

Juma lililopita mama alinituma kwa shangazi, upande wa Djugu. Pale Iga Barrière gari ilisimama kungoja wasafiri wengine, nikashuka kunyoosha miguu. Mbele ya depo moja ya maharagi wamama watatu walikuwa wanakaanga mikate, na nyuma yao, chini, mugongo kwenye magunia, alikaa mutu na upinde.

"Muzee!" Ilinitoka mbele ya kufikiri.

Aligeuza kichwa, si kwa uso wangu, kwa miguu yangu. Nafikiri alijua.

Mama mwenye depo alitoka, munene, kitambaa kichwani, mikono imejaa vumbi la maharagi. Alinipima. "Unamujua huyu?"

"Ndiyo, Mama. Alikuwa sentineli Bunia. Karibu na kwetu."

"Eeh! Mungu amekutuma." Akaweka mikono kiunoni. "Ni mwezi wa kwanza huyu anakula chakula chetu hapa, anatuambia hakosake. Bwana yangu anasema ni uongo, tumufukuze. Weye uliona? Anajua kupiga, ao anatudanganya?"

Wamama wa mikate waliacha kugeuza. Mumoja akasema, "Sema kweli, mutoto, hatutamuchinja." Wengine wakacheka. Watu wa gari nao waligeuka. Wote waliniangalia. Sikumuangalia Sentineli, juu ningemuangalia nisingeweza kusema.

"Nilimuona," nilisema. Sauti ilikuwa ndogo. Nikaanza tena, kwa wale wa nyuma. "Nilimuona kwa macho yangu. Mwewe alishuka kwetu akachukua kifaranga cha mama. Alikuwa amekwisha kupanda, juu ya nyumba, juu ya miti. Huyu muzee alikuwa amekaa hivihivi. Hakusimama hata. Akapiga. Mwewe akaanguka huku, kifaranga huku, na kifaranga akakimbia, yuko muzima."

"Yesu!" mama wa mikate akasema.

"Mbali gani?" mwenye depo akauliza.

"Hatua mia mbili," nikasema.

Niliona nimepitisha kiasi, niliona uso wa yule mama unaanza kukunjika. Kisha nyuma ya magunia mutu akakohoa.

"Hatua makumi ine," Sentineli akasema, kama mutu anayechoka kusahihisha watoto. "Na upepo ilinisaidia."

Mama mwenye depo alimuangalia upya, kuanzia miguu mpaka kofia. Mumoja wa wamama alivuta mutoto wake kidogo karibu. "Sogeza hapo kando, umupe muzee nafasi," mwenye depo akamuambia, "na umupe mukate, wa moto."

Dereva akapiga honi. Nilikuwa na mambo mengi ya kumuambia na yote yalikuwa ya kweli, basi hakuna hata moja nililoweza kusema mbele ya wale watu. Nilipanda. Kutoka dirishani nilimuona amechukua upinde, anawaonyesha wamama kamba, anaivuta kidogo na kuiachia ilie, nao wanarudi nyuma na kucheka kwa woga. Gari lilipita mbele yake karibu sana. Hakuniangalia. Angeniangalia, angecheka, na kazi yake ingeisha palepale.